Barabara ya Liwale msimu wa korosho: nauli, vumbi na nyama ya kiroba

Nimerudi Mtwara na vumbi jekundu la Liwale bado limo kwenye mishono ya begi. Simulizi hii nimeipanga kutoka kwenye daftari nililokuwa nikiandika jioni, picha za simu na risiti za nauli nilizozitunza. Mimi ni muuguzi. Zamani nilifanya kazi Monduli, mkoani Arusha, ambako kimeta, ugonjwa wa mifugo unaowapata na watu, hakimshangazi mtu; mtoto anayechunga mbuzi anakijua. Sasa nipo huku Kusini kwetu, na mwishoni mwa Oktoba nilichukua likizo kwenda kumwona mama mdogo Liwale. Nilikusudia kuandika habari za barabara, korosho na ming'oko, ile mizizi ya porini inayoliwa huku. Zimo. Ila kuna jambo la nyama lililoniandama tangu Nachingwea, na hilo limekula kurasa nyingi za daftari.

ALHAMISI: MTWARA – LINDI

Basi la alfajiri kutoka stendi ya Mkanaledi, nauli shilingi 6,000. Lami tupu, Mikindani ikapita jua likianza kugusa ghuba, na kabla ya saa nne nilikuwa Lindi mjini. Mchana nikala wali na changu wa kukaanga kwa shilingi 4,000 karibu na ufukwe.

Nililala kwa baba mkubwa. Jioni tulikaa barazani na wazee wenzake waliotoka msikitini. Nilipotaja Liwale, wakaanza kuzungumzia ng'ombe. Baba mkubwa akasema utotoni mwake nyama ya ng'ombe ilikuwa ya Idi na harusi. "Huku mbung'o walikuwa hawaruhusu mfugo kukaa. Sisi watu wa samaki." Mambo yalibadilika mwaka 2006 na 2007, Serikali ilipowaondoa wafugaji bonde la Usangu na Ihefu ili kuokoa maji ya Ruaha Mkuu, wengi wakaelekezwa mkoa wa Lindi: Kilwa, Liwale, Nachingwea, Lindi vijijini. Wasukuma, Wamang'ati na Wamaasai wakaingia na makundi makubwa kwenye nchi ya wakulima wa korosho na ufuta.

Nikawauliza wazee wanajua nini kuhusu kimeta. Mmoja akajibu kwa utulivu: "Mwanangu, sisi kibudu hatuli. Dini imekataza, imekwisha." Ni jibu zuri, na nililala nalo. Kweli, mzoga ni haramu, na katazo hilo limewalinda watu wa pwani na mengi. Lakini ng'ombe mgonjwa huwa hapewi nafasi ya kuwa kibudu. Akianza kuyumba, mwenyewe anamuwahi kwa kisu. Kachinjwa, bismillahi imesomwa, damu imetoka, na vijidudu vimo vilevile.

IJUMAA: LINDI – RUANGWA

Nilirudi njia panda ya Mnazi Mmoja kwa basi dogo, nikapanda Noah ya Ruangwa kupitia Nanganga, shilingi 7,000. Tulibanana watu kumi na kuku wawili. Ushauri: anayekwenda Ruangwa asisubiri Noah mchana. Zinajaa haraka asubuhi, baada ya saa sita unaweza kukaa kijiweni mpaka alasiri.

Ruangwa ilikuwa imechangamka kwa pesa ya korosho. Mama wa nyumba ya wageni (chumba 20,000, maji ya ndoo, chandarua kizima) alikuwa mkarimu sana. Aliniletea mbaazi na chapati bila kuniongezea bili. Tukazungumzia mwaka 2022. Julai ile, watu wa Ruangwa waliugua homa, kichwa, uchovu mkali na kutokwa damu puani. Walipimwa Ebola, Marburg na korona, vyote havikuonekana. Wizara ya Afya ikaja kutangaza kuwa ni homa ya mgunda, ambayo binadamu huipata kwenye maji au udongo wenye mkojo wa panya na wanyama wengine walioambukizwa. Wagonjwa 20 walitangazwa, 3 kati yao walikufa.

"Ile wiki," mama akasema, "mtu akipenga kamasi unaangalia kama kuna damu." Nikamuuliza je, kimeta? Akatikisa mkono. "Hicho cha Wamaasai huko." Mtu aliyeona kwa macho yake ugonjwa wa wanyama ukiingia kwenye nyumba za jirani zake, bado anaamini kuna ugonjwa wa wanyama wenye kabila. Simlaumu hata kidogo. Ng'ombe wamekuja Kusini kwa miguu na kwa malori. Elimu ya kuishi nao haikupakiwa.

JUMAMOSI: NACHINGWEA

Ruangwa hadi Nachingwea, 5,000, safari fupi, sina la kusimulia.

Nachingwea mjini nilikwenda sokoni makusudi kutazama bucha. Kwenye bucha nililoingia, paja lililoning'inia lilikuwa na muhuri wa mkaguzi, wino wa zambarau. Kilo shilingi 10,000. Mwenye bucha ni kijana muungwana, akanieleza mambo yanavyokwenda: ng'ombe anafikishwa machinjio akiwa amesimama kwa miguu yake, anaangaliwa akiwa hai, akichinjwa yanakaguliwa maini, mapafu, bandama na tezi, ndipo muhuri unapigwa. "Bandama likiwa limevimba jeusi kama lami, hapo kila kitu kinasimama." Lakini akaongeza kuwa msimu wa korosho unawaumiza wenye bucha. Baada ya minada ya RUNALI, chama kikuu cha ushirika cha Ruangwa, Nachingwea na Liwale, pesa inaingia vijijini kwa mpigo, watu wanatamani nyama, na nyama ya kwenye viroba inazunguka kwa bodaboda kwa nusu ya bei.

Jioni, nyumba ya wageni, nilikutana na binti anayesomea afya ya mifugo chuo cha Madaba, Ruvuma. Alikuwa anarudi kutoka mazoezini. Tulikaa uani tukila mihogo ya kuchemsha mpaka umeme ukakatika, na tukaendelea gizani. Alinisimulia vizuri kuliko mwalimu yeyote niliyewahi kumsikia. Kijidudu cha kimeta, Bacillus anthracis, ndicho Robert Koch, daktari wa wilaya aliyekuwa akifanyia uchunguzi nyumbani kwake, alichokifuatilia hadi mwaka 1876 akaonyesha siri yake: kikikosa mahali pa kuishi hujifunga kwenye ganda gumu, kikawa spora, na spora hulala udongoni miaka na miaka. Wakulima wa Ufaransa walikuwa na mashamba waliyoyaita yamelaaniwa, kondoo wakipelekwa wanakufa. Louis Pasteur akasema mizoga imefukiwa pale, na minyoo ya ardhini inapandisha vijidudu juu. Mwaka 1881 akachanja kondoo, mbuzi na ng'ombe hadharani huko Pouilly-le-Fort. Waliochanjwa wakapona, kondoo wasiochanjwa wakafa.

"Na Gruinard je?" nikamuuliza. Alikuwa anakijua. Ni kisiwa cha Scotland ambako Waingereza walijaribu kimeta kama silaha mwaka 1942, kwa kuwafunga kondoo na kulipua mabomu karibu yao. Watu walizuiwa kukanyaga pale mpaka mwaka 1990, baada ya udongo kumwagiwa fomalini, dawa ya kuua vijidudu. Karibu miaka hamsini, kwa majaribio ya muda mfupi.

Nilimuuliza kwa nini mfugo unashikwa zaidi nyakati kama hizi, mwisho wa kiangazi. Akasema majani yamebaki mafupi, ng'ombe anang'oa pamoja na udongo, tena majani makavu na miiba yanamchuna mdomo. Spora zikiingia, mnyama aliyekuwa mzima jioni anaweza kukutwa amekufa asubuhi. Mzoga unavimba upesi, haukakamai kama kawaida, na damu nyeusi isiyoganda inatoka puani, mdomoni na nyuma.

JUMAPILI: NACHINGWEA – LIWALE

Basi la Liwale, shilingi 12,000, liliondoka saa moja badala ya saa kumi na mbili. Barabara ni ya vumbi, makorongo yamechongwa na mvua za mwaka jana. Beba maji, kitambaa cha pua, na chakula. Vijijini utapata ming'oko ya kuchemsha, maembe na korosho za kukaanga, lakini si kila kituo. Siti za nyuma usizikubali hata kwa punguzo.

Baada ya saa mbili hivi, springi ya nyuma ikakatika. Konda akatuambia tushuke tukae kivulini. Pale chini ya mkorosho, mabibo yameanguka kila mahali, mama mmoja aliyekuwa akienda msibani akafungua kapu lake, akatugawia ming'oko sisi wote tuliokaa karibu naye, akakataa hata shilingi. Ming'oko yake ilikuwa na chumvi ya kutosha, moto bado. Nimemkumbuka mara nyingi tangu siku ile.

Tukiwa hapo ikaja bodaboda na kiroba nyuma, kinachuruzika. Kijana akapaza sauti: "Nyama, nyama, kilo elfu nne!" Abiria wakainuka. Nikauliza ng'ombe amechinjwa wapi na nani amemkagua. Kijana akajibu bila kificho: "Alianguka asubuhi kule kambini, wakamuwahi." Mzee mwenye kofia ya kiua akauliza, "Kachinjwa?" "Kachinjwa, mzee wangu, damu imetoka." Mzee akaanza kutafuta pesa kwenye kanzu.

Siwezi kusema yule ng'ombe alikuwa na nini. Huenda alivunjika mguu. Lakini mnyama aliyeanguka ghafla bila sababu, msimu huu, haliwi, na nilisimama nikasema hivyo kwa sauti ya wodini. Nilimwomba radhi mzee kwanza. "Shikamoo babu. Kisu kinaondoa ukibudu, hakiondoi ugonjwa." Akanitazama. Mwanamume mmoja akasema moto unaua kila kitu. Nikamwambia mchinjaji anaambukizwa kabla ya moto, anayebeba kiroba anaambukizwa, mama anayekata vipande jikoni akiwa na kidonda cha kisu kidoleni anaambukizwa, na spora zinavumilia mchemsho wa kawaida kuliko vijidudu vingi. Kukausha juani hakuziui, chumvi na moshi haviziui.

Babu ndiye aliyeuliza swali la maana kuliko yote: "Hicho kimeta unachokisema, kimeshaua watu wangapi?"

Nikamjibu kuwa inategemea kimeingilia mlango gani, kwa maana mwili una milango mitatu. Ukiingia kwa ngozi, ambayo ndiyo njia ya wagonjwa wengi mno, karibu 95 katika kila 100, kinaanza kipele kama cha kuumwa na mdudu, kinawasha, kinakuwa lengelenge, kisha kigaga cheusi katikati na uvimbe pembeni, na wala hakiumi. Kwa kuwa hakiumi, watu wanakipuuza. Bila dawa, hadi mtu 1 katika 5 anaweza kufa. Akipata dawa mapema, kufa ni nadra sana, na dawa zenyewe ni za kawaida, doksisaiklini, siprofloksasini, penisilini. Ukiingia kwa tumbo, kwa kula nyama, mtu anapata homa, anatapika, anahara damu, wengine koo linavimba wasiweze kumeza, na wanaokufa ni kati ya robo na zaidi ya nusu. Ukiingia kwa mapafu, kwa kuvuta vumbi la spora kutoka kwenye ngozi au sufu, asiyetibiwa kwa kawaida haponi.

Nikampa hesabu za mahali. Zimbabwe, vita vya ukombozi vilipovuruga chanjo na huduma za mifugo mwishoni mwa miaka ya 1970, karibu watu 10,000 waliugua na 182 wakafa. Sverdlovsk, Urusi ya Kisovieti, Aprili 1979, spora zilivuja kutoka kituo cha kijeshi, upepo ukazipeleka mtaani, watu wasiopungua 66 wakafa. Serikali ikadai ni nyama mbovu, mpaka Rais wa Urusi Boris Yeltsin alipokiri mwaka 1992. Marekani mwaka 2001, mtu alituma spora kwenye barua: 22 waliugua, 11 kwa mapafu na 11 kwa ngozi. Wa mapafu wakafa 5, wa ngozi hakufa hata mmoja.

"Huko mbali," yule mwanamume akasema.

Basi nikamletea karibu. Mwaka 2023, Kenya, Uganda, Malawi, Zambia na Zimbabwe ziliripoti kwa pamoja washukiwa zaidi ya 1,100 na vifo 20. Nchi nne kati ya hizo tumepakana nazo. Zambia baadhi ya watu waliugua baada ya kula nyama ya viboko waliokutwa wamekufa, na hapa Liwale tumepakana na pori kubwa kuliko yote nchini. Na Tanzania yenyewe, mwaka 2016, kijiji cha Selela wilayani Monduli, nyumbu walikufa, mifugo ikafa, watu wakaugua. Niliuguza watu wa namna hiyo. Mwanamume mzima, mkono umevimba kama wa mtu mwingine, kigaga cheusi kwenye kidole alichochunia ngozi, na ananiambia dada, haumi.

Babu akarudisha pesa kwenye kanzu. Wanne au watano wakanunua. Mmoja alikuwa mama mwenye mtoto mgongoni, na nilimwelewa: mara ya mwisho kupika nyama huenda ilikuwa Idi. Nilimfuata pembeni nikamwomba basi avae mfuko wa plastiki mikononi, asiwape watoto waikate, na mtu yeyote nyumbani akipata kipele au homa ndani ya wiki moja aende kituo cha afya na aseme wazi alikula nyama gani. Akaniitikia kwa heshima.

Dereva wa Fuso la korosho alisimama bila kuombwa, akatoa mnyororo na jeki, akafanya kazi na fundi wetu zaidi ya saa moja. Tulifika Liwale usiku.

JUMATATU: LIWALE

Mama mdogo hakuniachia nitoke. Ugali wa muhogo, kisamvu cha nazi, kulala.

JUMANNE: SHIMO

Asubuhi mpwa wangu alirudi shambani mbio. Kwenye kambi ya wafugaji jirani na mikorosho ya mama mdogo, ng'ombe jike amekufa usiku, na vijana wa kijijini wameshakusanyika na mapanga. Nikamwomba anipeleke kwa pikipiki.

Mzee wa kambi ni Msukuma aliyefika Lindi kutoka upande wa Usangu mwaka 2007. Nilimsalimu "Mwangaluka," akafurahi, akaitika. Ng'ombe alikuwa amelala chini ya mti, tumbo limejaa, damu kidogo puani. Mzee alikuwa amesimama katikati ya mzoga na vijana, fimbo mkononi. "Huyu hachinjwi. Huyu anafukiwa." Mwanawe alikuwa amenuna pembeni. Ng'ombe yule mnadani ni shilingi 900,000, na hakuna wa kuwalipa fidia. Kumfukia ni kufukia ada ya mtoto, na mtu asiyeliona hilo hatasikilizwa na mfugaji yeyote.

Nilimpigia afisa mifugo wa kata. Namba yake alikuwa nayo mtendaji wa kijiji. Alifika baada ya saa mbili kwa pikipiki yake mwenyewe, mafuta ya mfukoni mwake, akiwa na glovu, barakoa na vioo vya maabara. Alitoboa sikio, akapaka tone la damu kwenye kioo, akakikausha, basi. Hakumpasua. Kijana mmoja akauliza kwa nini asimfungue aone bandama, kama machinjioni. Afisa akaeleza polepole, na ningependa kila kijiji kingemsikia: mnyama wa kimeta akibaki mzima hivihivi, vijidudu vilivyo ndani huuawa na kuoza kwenyewe ndani ya siku chache. Ukimpasua, hewa inavifikia, vinageuka spora, na umepanda mahali hapo ugonjwa utakaowakuta wajukuu.

Mama mmoja akaniuliza, "Mama muuguzi, mtu akiugua, anawaambukiza wanawe kwa kukohoa?" Hapana. Kimeta hakisambai kwa kikohozi wala pumzi kutoka mtu hadi mtu. Kidonda kifunikwe, nguo zenye majimaji zisiguswe ovyo, mgonjwa aende hospitali bila kufichwa. Na kidonda kisichanjwe kwa wembe wala kuchomwa moto.

Afisa alitaka kumchoma, lakini kuni za kumaliza ng'ombe mzima bila kupasuka hazikupatikana, na upepo ulikuwa unavuma kuelekea mikorosho. Wakaamua kufukia. Vijana walewale wa mapanga ndio waliochimba, kwenda chini zaidi ya mita mbili, mbali na kisima na mkondo wa maji. Pua na nyuma viliziibwa kwa pamba yenye dawa, mzoga ukavutwa kwa kamba, na udongo wa juu uliokuwa na damu ukakwanguliwa ukaingia naye. Kamba nayo ikaingia. Juu wakaweka miiba na magogo kuzuia fisi na mbwa. Kazi ilikwisha saa tisa, jua la Oktoba likiwa kichwani, na hakuna aliyekula nyama siku ile. Mzee alituma maziwa yaliyochemshwa kwa kila aliyeshika jembe.

Kwa msafiri au mkulima atakayekuta mnyama amekufa ghafla, wa kufugwa au wa porini: usimguse, usimchune, zuia mbwa, mwite afisa mifugo au mtendaji. Kimeta ni ugonjwa wa kutolewa taarifa kwa Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya mwaka 2003. Kwa upande wa binadamu, namba 199 ya Wizara ya Afya ni bure. Kama umeshamgusa, nawa kwa sabuni na maji mengi, kisha nenda kituo cha afya siku hiyohiyo usisubiri kipele.

ALHAMISI: KURUDI

Liwale hadi Nachingwea 12,000, Nachingwea hadi Masasi 4,000, Masasi hadi Mtwara 11,000. Ukiwa na mizigo lala Masasi. Mabasi ya asubuhi ni mengi. Mama mdogo alinifungia korosho za kukaanga na kilo ya ufuta.

BAADA YA WIKI

Afisa mifugo alinipigia. Kile kioo kilipanda basi hadi Mtwara, kwenye kituo cha TVLA, wakala wa maabara za mifugo, na vijidudu vya kimeta havikuonekana. Wanashuku homa ya kupe. Amempa mzee majibu. Mwanawe akauliza, kwa uchungu unaoeleweka, kama kumbe wangeuza. Afisa akamwambia ng'ombe aliyejifia haliwi, awe wa kimeta au asiwe, na kwamba angetaka awe na hakika kabla ya kisu, si baada yake.

Kilichonifurahisha ni kwamba mzee hakuishia hapo. Amekaa na wenye kambi nyingine tatu, wamehesabu vichwa vyao, wanachangishana chanjo ya kimeta na chambavu (ugonjwa mwingine wa ng'ombe), ile inayotengenezwa Kibaha. Inatakiwa kila mwaka, na inafaa itangulie mvua, majani mapya hayajachipua. Shida ni ubaridi: dozi zinahitaji boksi la barafu kutoka mjini hadi kambini, na bodaboda wa kulibeba anataka shilingi 35,000 kwenda na kurudi. Mama mdogo ametoa elfu kumi, maana mikorosho yake inapakana na malisho. Nami nimetuma iliyobaki jana, na afisa amesema boksi litaondoka Jumatano.